Kabla Hujapiga Kambi Pwani, Utazame Mwezi

Mwaka huu sisi wa parokia yetu, huku kwenye miteremko ya Uluguru, tumeazimia kwenda kupiga kambi Saadani, mahali ambapo pori na msitu hushuka mpaka ufukoni mwa bahari. Kazi ya kuitengeneza safari nimepewa mimi karani. Najua kwamba huko vijijini ziko jamaa nyingi zinazotamani kuwaonyesha watoto wao bahari walau mara moja, ila hazijui pa kuanzia. Basi nimeona niwaandikieni yale niliyoyapata. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

Safari hii siyo ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 9 Desemba 2022, sikukuu ya Uhuru. Nalichukua watoto na vijana 24 wa kwaya, pamoja na watu wazima 4, tukaenda kwenye ufuko mmoja upande wa kaskazini ya Bagamoyo, tulale huko siku mbili. Mimi nilisomea chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa kwamba somo lisiloandaliwa halifundishwi. Basi niliandaa. Katika daftari langu niliandika mchele kilo 30, maharage kilo 12, sukari, chumvi, viberiti, dawa ya vidonda, hata uzi na sindano. Majina ya watoto niliyapanga kwa alfabeti kwa wino wa buluu, na majina ya wazazi wao kwa wino mwekundu. Nikajisifu moyoni kwamba hakuna kilichosahauliwa.

Njiani gurudumu lilipasuka mara mbili, hata tukafika ufukoni saa mbili usiku. Mwezi ulikuwa umetimia jana yake, nao ulikuwa ukipanda juu ya bahari, mkubwa na mweupe, mchanga ukang'aa kama unga. Watoto wakapiga kelele za furaha. Tukatafuta mahali pa kupiga mahema. Huko juu, karibu na minazi, mchanga ulikuwa mlaini na vigingi havikushika. Chini kidogo mchanga ulikuwa mgumu, umeshikana vizuri. Tena palikuwa na mstari mrefu wa vijiti, majani makavu na vifuu vya nazi, umepita ufukoni kama uzio uliolala. Tukasema, "Hata kuni tumewekewa!" Tukaziokota, tukawasha moto, tukapiga mahema papo hapo chini ya mstari ule.

Mzee mmoja, mvuvi, akapita na wavu begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnalala hapa?"

"Ndiyo, mzee, mimi na watoto hawa."

Akatazama mahema, akatazama mwezi, akasema, "Leo bamvua. Sogeeni juu."

Neno hilo sikulijua, maana kwetu milimani halisemwi. Nilidhani ni jina la samaki aliyempata. Na aliposema tusogee juu, nilidhani anatutaka tukae karibu na nyumba za watu kwa ajili ya wezi. Nikamjibu, "Asante, mzee, na hongera. Asubuhi tutakuja kununua." Akanitazama kidogo, akaenda zake. Msomaji, hapo palitosha neno moja tu: "Mzee, bamvua ni nini?" Walakini mtu aliyeshika daftari huona haya kuuliza mbele ya watoto.

Saa nne usiku tulipolala, bahari ilikuwa mbali sana, hata mtoto mmoja aliuliza imekwenda wapi. Tukacheka, tukalala.

Saa kumi usiku niliamshwa na baridi mgongoni. Nikapapasa nikashika maji. Nilipotoka nje, sikuona mchanga tena; mahema yalikuwa yamesimama baharini, na sufuria zikielea kama mitumbwi. Tukapiga kelele, tukawakokota watoto mmoja mmoja mpaka kwenye minazi. Mchele, maharage na sukari vikaenda na maji. Hayo ni mali, yanarudi. Nikataka kuwahesabu watoto, nikafungua daftari. Wino wote ulikuwa umeyeyuka, ukurasa mzima ukawa buluu na wekundu uliochanganyika. Nikawahesabu kwa kidole: 23. Nikawahesabu tena: 23.

Nilirudi majini mpaka kiunoni, nikiita. Lakini niite jina gani? Watoto wengine walikuwa wakilia, wengine wametoka vigango vya mbali, wala hawakujuana vizuri, na mimi sikuweza kukumbuka ni nani asiyekuwapo. Kwa muda wa robo saa niliita "Mwanangu! Mwanangu!" kama mtu aliyepungukiwa na akili. Ndipo dereva akaja kutoka kule juu amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka 8. Kumbe mtoto yule aliogopa kaa waliokuwa wakipita hemani, akaondoka kabla ya usiku wa manane pasipo kumwambia mtu, akalala kwenye kiti cha nyuma cha basi. Hata bahari hakuiona ikija.

Asubuhi mzee yule alirudi. Hakutucheka. Aliwaletea watoto muhogo, akaketi nami juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akanifundisha. Hayo aliyonifundisha ndiyo ninayotaka kila mzazi ayajue.

Bahari haikai mahali pamoja. Kila siku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kwa sababu mwezi huyavuta maji, na jua pia huyavuta kwa nguvu ndogo zaidi. Kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapotimia, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, nayo ndiyo bamvua. Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo huzidi meta 3, kina cha kumfunika mtu mrefu aliyenyosha mikono. Lakini mwezi unapokuwa nusu, yaani yapata siku ya 7 au ya 8, na tena ya 22 au ya 23 tangu kuandama, nguvu hizo mbili hupingana, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo. Wapwani huyaita maji mafu.

Tena iko kanuni nyingine rahisi ya pwani yetu. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Sasa mtaelewa yaliyotupata. Tulilala saa nne, wakati wa maji kupwa kabisa, nayo yakaja kutuamsha saa kumi. Bahari haikutuonea. Ilifika kwa saa yake, sisi ndio tuliolala njiani pake. Na ule mstari wa vijiti tuliouokota kuwa kuni ulikuwa alama ya bahari yenyewe, ikituambia: Hapa ndipo nifikapo. Sisi tukaichoma alama tukapikia chai.

Basi, tuje Saadani.

Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko kati ya Bagamoyo na Pangani. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 1,100, nayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba. Hapo huweza kumwona twiga, nyati, kuro, tohe, kongoni, ngiri na tembo, na simba pia wamo; kisha ukageuza uso ukaona mashua inapita na tanga lake. Kusini mto Wami huingia baharini, wenye viboko na mamba. Mbele kidogo ya bara uko msitu wa Zaraninge, msitu wa kale wa pwani, wenye mbega na miti mirefu inayofunga jua. Na ufuko wa Madete hupandwa na kasa usiku kutaga mayai mchangani.

Wazee wetu hupenda kuuliza, "Mahali hapo pana habari gani?" Ziko. Kijiji cha Saadani katika karne ya 19 kilikuwa bandari ya misafara, kikitazamana na Unguja. Wapagazi wa bara walishusha pembe hapo. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, aliwapinga Wajerumani kwa silaha mwaka 1889. Mtoto anayesoma historia akikanyaga hapo hataisahau kama aisahauvyo ya kitabuni.

Haya, sasa mpango wenyewe. Nitawaeleza kwa utaratibu tulioufuata.

Jambo la kwanza ni siku. Safari hii sikuanza na mchele, nilianza na kalenda yenye mwezi. Kwanza tuliondoa miezi ya masika, Machi mpaka Mei, kwa sababu barabara za huko zina udongo mweusi unaoshika gari kama ulimbo. Tukachagua likizo ya katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi. Ndani ya likizo hiyo tukatafuta siku ambazo mwezi ni nusu, maji yawe mafu. Siku hizo maji hujaa asubuhi yapata saa nne au saa tano, na watoto wataweza kuoga wakati wa mwanga, mahali pasipo kina kirefu, kwa maji yasiyo na mbio. Mtu anayetaka kutembea mbali juu ya miamba na kuangalia viumbe vya bahari, huyo achague bamvua, ashuke maji yanapoendelea kupwa, na kurudi kabla hayajageuka. Kila kazi ina mwezi wake.

Jambo la pili ni njia. Kutoka Morogoro tutafuata barabara kuu mpaka Chalinze, kilometa 85 hivi, kisha tutapanda njia ya Segera mpaka Mandera, penye misioni ya kale, kilometa 50 hivi. Kutoka Mandera kwenda Saadani ni yapata kilometa 60, na hapo ndipo penye kazi. Kwa hiyo tutaondoka alfajiri, tufike mchana. Mahema hupigwa wakati wa jua. Hili nalo nililijua tangu chuoni, lakini gurudumu halikusoma chuo nilichosoma mimi; ndiyo sababu safari hii tunachukua magurudumu mawili ya akiba.

Jambo la tatu ni ruhusa na ada. Hifadhini hulali popote upendapo. Viko viwanja vya kambi vilivyowekwa, na mtu hulipa kiingilio na ada ya kulala. Raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje, walakini yampasa achukue kitambulisho chake. Ulizeni mapema kwa simu viwango vya sasa, vya wakubwa na vya watoto, na namna ya kulipa, msije mkafika langoni na noti mfukoni mkaambiwa malipo hayapokewi hivyo. Sisi tuliuliza kwanza, ndipo tukagawa gharama kwa kila mtoto, na waliopungukiwa tukawasaidia kwa mahindi ya shamba la parokia.

Jambo la nne ni maji ya kunywa na chakula. Pwani pana maji mengi ya kutazama na machache ya kunywa. Tumepanga lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, nazo tutazibeba toka nyumbani kwa madumu. Kuni msitegemee kukata. Miti ya hifadhi haikatwi, na mikoko pia ni mali ya serikali. Mizizi ya mikoko hushika tope lisibebwe na mawimbi, na ndani yake samaki wadogo na kamba hulelewa. Mtu akikata mkoko amekata mboga ya mvuvi. Sisi tutachukua mtungi wa gesi. Na mifuko ya plastiki iacheni. Ilikatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Makapu ya mama zetu yanatosha.

Jambo la tano ni usiku. Kambi ya hifadhini haina ukuta. Tembo akitaka kupita, hupita. Kwa hiyo chakula kisilale hemani na watoto, kwa sababu harufu huwaita wanyama, na mchana nyani na tumbili huiba mbele ya macho yako. Milango ya mahema ifungwe, tochi ziwe karibu, na mtoto akitaka kwenda haja aende na mkubwa. Hakuna kutembea porini pasipo askari wa hifadhi. Vyandarua ni lazima, kwa maana mbu huumiza watu wengi kuliko simba.

Jambo la sita ni maji ya bahari na ya mto. Mtoni na mdomoni mwa mto hakuna kuoga, kwa sababu ya mamba na viboko. Baharini wataoga kwa mafungu ya watoto sita, mkubwa mmoja anayejua kuogelea akiwa upande wa kina. Maji yanapoanza kutoka, watoto wote wawe wameshatoka. Na tukibahatika kumwona kasa, tutakaa kimya, tutazima tochi, wala mayai hayatashikwa. Mayai yale hukaa mchangani karibu miezi miwili yakipata joto la jua, ndipo vitoto hutoka na kukimbilia bahari. Mtu atakayekula yai moja kwa siku moja amemnyima mjukuu wake kasa mzima.

Jambo la saba ni hesabu ya watu, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Safari hii kila mtoto ana mwenzake, na kila mmoja anajua jina la mwenzake, la baba yake, na kigango atokacho. Nikipiga filimbi, kila mtoto humshika mwenzake mkono. Asiyekuwa na mkono wa kushika, papo hapo twajua ni nani anayekosekana, hata gizani, hata daftari likipotea. Orodha nimeiandika kwa penseli, maana penseli haiyeyuki majini, na nakala ya pili anayo dereva.

Msomaji, pengine utaniuliza kwa nini nisingeiacha safari kabisa, kwa yale yaliyotupata. Nilitaka kuiacha. Tuliporudi mwaka ule nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi radhi. Mama wa mtoto yule wa miaka 8 alinisikiliza akipeta mchele, wala hakuacha kupeta. Nilipomaliza alisema, "Karani, wewe ulimwandika mwanangu kwa wino mzuri. Lakini bahari hukuiuliza." Sikuwa na la kujibu. Nikaondoka nikasema moyoni, sitachukua tena mtoto wa mtu.

Lakini watoto wenyewe hawakuniacha. Kila Jumapili huuliza, "Karani, lini tena?" Kumbe usiku ule wao wanausimulia kama ushujaa, na bahari ndiyo waliyoikumbuka, siyo hofu. Nikatambua ya kuwa nikiwanyima safari kwa sababu ya aibu yangu, nitakuwa nawatoza watoto deni langu mimi. Deni langu lilikuwa kujifunza. Nikarudi kwa mzee yule mvuvi mara mbili, nikakaa naye siku nzima nzima, nikiuliza hata yale ya kitoto. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na njia ya kuyajua ni kumwuliza anayeishi nayo.

Juma lililopita mama yule alikuja ofisini baada ya Misa, na mwanawe, ambaye sasa amekua. Hakuketi. Akaniambia, "Karani, nasikia mnakwenda tena."

"Ndiyo, mama."

"Mwezi utakuwaje siku hizo?"

"Nusu, mama. Maji mafu. Tutapiga mahema juu ya mstari wa vijiti, tena wakati wa jua."

Akanyamaza. Kisha akamtazama mwanawe, akasema, "Na mwenzake atakuwa nani?"

Nikamtajia. Ni mtoto wa jirani yao, nao hucheza pamoja tangu wadogo. Mama akaitika kwa kichwa.

"Haya, mwandike," alisema.

Nikachukua penseli.